Shokapu za 210,000 dukani nimeandikiwa 340,000 gereji. Cha juu kinatakiwa kiwe kiasi gani?

#1 Mwana_wa_Igombe

Wakuu, habari.

Jumatano iliyopita nilipeleka IST yangu gereji moja huku Nyakato, Mwanza. Tatizo lilikuwa moja tu: mguu wa mbele kushoto unagonga nikipita zile barabara za mawe za kupanda vilimani, au nikivuka tuta. Fundi akapiga jeki, akatikisa tairi, akasema shokapu zimekufa. Nikakubali. Nilikuwa na msiba Ukerewe, nikaacha gari na funguo, tukakubaliana atanipigia kukiwa na chochote.

Akanipigia nikiwa Nansio makaburini. Mtandao unakatika, nikasikia "bosi, na bolijointi zimeisha, tufunge?" Nikasema funga. Jumamosi narudi nakuta karatasi hii:

Shokapu za mbele jozi 340,000
Stabilaiza linki mbili 90,000
Bolijointi mbili 120,000
Oili lita 5 na filta 95,000
Mkanda wa taimingi 85,000
Ufundi 60,000
Jumla 790,000

Nililipa kwa sababu Jumatatu gari lilitakiwa kazini. Jana nikapita maduka ya spea pale mjini, nikauliza shokapu zilezile, boksi lilelile: 210,000 jozi. Linki 25,000 moja. Yaani kwa vitu hivyo viwili tu nimezidishiwa 170,000. Na kilichoniuma zaidi: gari bado linagonga vilevile.

Naomba kujua kwa wenye uzoefu, hivi cha juu cha fundi kwenye spea kinatakiwa kiwe kiasi gani? Na kwa hatua hii nafanyaje?

#2 Ngosha_Kisesa

Pole kwa msiba na pole kwa gari.

Ila mkuu, umeacha gari na funguo siku tatu, wewe uko kisiwani, halafu umeitikia "funga" kwa simu inayokatika. Hapo uliuza ng'ombe ukamwachia mnunuzi apange bei.

#3 Spana_13

Wakuu, hakuna aliyeona mstari wa tano?

Mleta uzi, IST yako ni ya cc ngapi? Kama ni 1500 ni injini ya 1NZ, kama ni 1300 ni 2NZ. Zote mbili zinatumia CHENI ya taimingi, ile ya ndani inayoipangia injini muda wa kufungua na kufunga valvu. Hakuna mkanda wa taimingi kwenye hizo injini. Mkanda uliopo ni wa nje, ule unaozungusha altaneta na pampu ya maji. Kwa hiyo ama amekubadilishia mkanda wa nje akauandika vibaya, ama hajabadili kitu. Fungua boneti, ukiwa upya utauona kwa macho.

La pili, oili. 1NZ ukibadili pamoja na filta inakula lita 3.7. Galoni moja ya lita 4 inatosha na inabaki. Lita ya tano imeingia wapi?

#4 Mwana_wa_Igombe

Ni 1NZ. Asante Spana_13, hilo la cheni sikulijua kabisa. Kesho asubuhi nafungua boneti.

Ngosha, sina cha kujitetea, ila ndugu yangu msiba hausubiri gari.

#5 DadaKirumba

Mimi nina Passo. Mwaka jana taa ya injini iliwaka na gari likawa linatetema nikisimama kwenye foleni. Gereji ya kwanza nilikwenda mwenyewe, nikaambiwa koili zote na plagi zote, 380,000. Nikarudi nyumbani nikamtuma kaka yangu na gari lilelile, gereji ileile, fundi mwingine. Akaambiwa koili moja, 70,000.

Sasa msije mkaniambia habari ya dola na usafiri. Mwanamke akiingia gereji peke yake bei inasomwa usoni.

#6 Fundi_Mecco

Nimesoma uzi huu mara mbili kabla ya kuandika. Mimi ni fundi, niko kazini mwaka wa kumi na nne sasa, nilianza kama saidia fundi wa kushika tochi. Nitasema kama ilivyo.

Ndiyo, cha juu kipo. Mimi mwenyewe nachukua. Nikimpeleka mteja dukani, duka linanitoa elfu 10 au 20 kwenye jozi ya shokapu. Nikinunua mwenyewe, naongeza juu yake.

Sasa niwaulize nyie wenye magari. Kufunga shokapu za mbele za IST vizuri, ukakandamiza springi, ukakaza kila nati inavyotakiwa, halafu ukalijaribu gari, ni saa mbili na zaidi. Nikimwambia mteja ufundi ni elfu 80, anapandisha sauti: "kufungua nati tano tu elfu 80?" Tunavutana mpaka elfu 30. Lakini nikiweka elfu 50 ndani ya shokapu, analipa bila neno, kwa sababu shokapu anaishika mkononi. Ufundi haushikiki.

Kutoka hiyo elfu 30 kuna kodi ya kiwanja, vijana wawili wanatakiwa kula mchana, umeme wa kompresa, na kuna wateja wanaosema "nitakutumia jioni" na jioni hiyo haijafika tangu Pasaka. Kwa hiyo tumejifunza kujificha kwenye spea, na mmetufundisha nyie.

Ila karatasi ya mleta uzi siitetei. Cha juu cha 130,000 kwenye jozi moja ni kikubwa mno, halafu na ufundi 60,000 amechukua. Huyo amekula pande zote mbili. Na kuandika mkanda wa taimingi kwenye 1NZ ni ama hajui ama anajua hujui.

Dada Kirumba, hilo lako ni kweli na linatutia aibu. Kwangu halipo, lakini nimeliona.

#7 Mzee_wa_Probox

Fundi_Mecco amesema ukweli wake, namheshimu. Lakini siukubali wote.

Mimi naendesha Probox, napeleka mizigo Magu, Lamadi hadi Bunda, wiki nzima gari liko barabarani. Nimeshapitia mafundi wa kila aina. Nilichogundua, wizi haupo sana kwenye bei. Upo kwenye kubahatisha. Fundi hajui tatizo, anabadili kifaa cha kwanza. Halijaisha, anabadili cha pili. Halijaisha, cha tatu. Kila kifaa unalipia wewe. Siku tatizo likiisha anajipongeza kwamba amelipata.

Mtazame mleta uzi. Kabadilishiwa shokapu, linki, bolijointi, na gari linagonga. Hata angeuziwa kwa bei ya dukani kabisa, bado angekuwa ametupa fedha. Nyie mnahesabu 170,000. Mimi nahesabu 550,000 ya miguu yote ya mbele na tatizo liko palepale.

#8 Ngosha_Kisesa

Mzee wa Probox hapo umegonga penyewe.

#9 Spea_za_Pamba

Habari zenu. Nina duka la spea, nimeona maduka yanatajwa, nami niseme.

Mzigo wetu mwingi tunanunua Kariakoo. Toka Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, na kila boksi linalipiwa nauli. Juu ya hapo kuna ushuru uliolipwa bandarini, kuna VAT ya asilimia 18, kuna pango. Lakini kinachotuumiza zaidi hakionekani na mteja: mkopo. Fundi anakuja asubuhi anachukua shokapu "gari likitoka nakuletea". Gari linatoka, mteja analipa nusu, fundi anakula nusu, mimi nangoja wiki tatu. Kwa hiyo bei ninayompa fundi wa mkopo na bei ninayompa mtu mwenye fedha mkononi haziwezi kufanana. Inawezekana kabisa huyo fundi wa Nyakato alichukua zile shokapu kwa 270,000 au 280,000 za mkopo. Hapo cha juu chake kinakuwa 60,000 au 70,000, siyo 130,000.

Tena mleta uzi, una hakika ni shokapu ileile? Boksi si ushahidi. Boksi linaigwa kirahisi kuliko shokapu. Kuna za Japani zenyewe, kuna zinazotengenezwa kwingine kwa jina lilelile, kuna feki, na kuna mtumba uliosafishwa ukapakwa rangi nyeusi. Zote utaziona zimepangwa rafu moja. Ukinunua, usiseme "za IST" tu. Taja namba ya chesisi. NCP61 ni ya cc 1500, NCP60 ni ya 1300, NCP65 ni ile inayovuta miguu yote minne. Mteja akija na namba, muuzaji anajua huyu hachezewi.

#10 Ngosha_Kisesa

Bosi wa duka, tusaidie na hili. Dola ilipopita 2,700 mwaka 2024 mlipandisha bei, tukaelewa. Desemba mwaka uleule ikashuka mpaka kwenye 2,400. Mbona bei zenu hazikuiona njia ya kurudi?

#11 Spea_za_Pamba

Kwa sababu mzigo uliokuwa dukani Desemba niliununua dola ikiwa juu. Ningeushusha ningeuza kwa hasara. Spea haziishi kama nyanya, kuna shokapu inakaa miezi minane.

#12 Ngosha_Kisesa

Na mzigo ulionunua dola ikiwa chini, uliokuta dukani bei ya juu, uliushusha?

#13 Mzee_wa_Probox

Ngoja tuone.

#14 Spea_za_Pamba

Baadhi nilishusha. Filta, plagi, breki padi nilishusha, kwa sababu hizo ushindani ni mkubwa, kila duka linazo. Za miguuni nilishusha kidogo. Nasema ukweli.

#15 Kamanga_Mpaka_Busisi

Mimi niko Sengerema. Mnalalamikia bei za mjini, sisi za kwetu zina juu ya juu. Zamani kulileta gari Mwanza kutengenezwa ilikuwa uhesabu kivuko, kusubiri kivuko na siku nzima kupotea, kwa hiyo fundi wa kwetu alijua huna pa kwenda. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 unakatiza zile kilomita 3 dakika chache. Na kweli bei za mafundi wa huku zimeanza kulainika. Hawakuokoka, wamejua tu kwamba tunaweza kuvuka.

Nachangia kwamba cha juu kinakuwa kikubwa pale mteja asipokuwa na mlango wa pili. Ulipokuwa Nansio ndugu yangu hukuwa na mlango wa pili.

#16 Rafiki_wa_Sato

Huyo fundi wa Nyakato ni wa kwenda naye polisi tu. Huo ni utapeli, andika maelezo, wamweke ndani, atarudisha hela yote. Au ungegoma kulipa na ukachukua gari lako kwa nguvu, gari ni lako.

#17 Wakili_Mlala_Mapema

Rafiki_wa_Sato, usimpeleke mwenzio pabaya.

Kwanza, kuchukua gari kwa nguvu bila kulipa. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mtu uliyemkabidhi mali aifanyie kazi ya ujuzi ana haki ya kuishikilia mpaka alipwe ujira wa kazi hiyo. Fundi akikunyima funguo kwa kazi mliyokubaliana, sheria iko upande wake. Ila ni kwa kazi mliyokubaliana. Mkanda na oili mleta uzi hajasema kama aliviagiza. Kama hakuviagiza, hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo.

Pili, ubora. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji wa biashara hiyo auze kitu kinachofaa kwa kazi ambayo mnunuzi amemweleza. Shokapu ikimwaga oili wiki ya pili, duka haliwezi kukwepa kwa maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yaliyobandikwa ukutani. Lakini utathibitishaje kwamba ulinunua kwake? Risiti. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, siyo hisani: muuzaji kutokutoa ni kosa, na mnunuzi kutokudai ni kosa pia. Ina namba ya uhakiki unayoweza kuiangalia kwenye tovuti ya TRA.

Tatu, bei kubwa peke yake siyo jinai. Hakuna bei elekezi ya shokapu. Lakini kuuza feki kwa jina la halisi ni jambo lingine kabisa, hilo linapelekwa Tume ya Ushindani, FCC.

Mleta uzi, swali langu: hiyo karatasi ina jina la gereji, tarehe na sahihi?

#18 Mwana_wa_Igombe

Ni karatasi ya daftari, mkuu. Haina jina, haina sahihi. Ina namba ya simu na alama ya kidole cha oili.

Oili sikuiagiza. Mkanda sikuuagiza. Nilichokubali ni shokapu na bolijointi.

#19 Rafiki_wa_Sato

Sawa wakili, nimekuelewa, nimefuta lile la nguvu.

Ila niwape na ya upande wangu. Niko Mwaloni Kirumba, tuna mitumbwi ya dagaa. Fundi wa mashine za boti hatumlipi kama nyie mnavyolipa. Mashine ikizima ziwani usiku ni watu wanne au watano wako hatarini, kwa hiyo fundi tunatoka naye majini kuijaribu. Anapanda mtumbwi, tunakwenda mbele kidogo, tunaizima, tunaiwasha, tunaipa moto. Ikirudi salama ndiyo analipwa. Na spea ananunua mwenye mtumbwi, fundi anaandika tu kinachotakiwa. Sijawahi kuona fundi wa boti anaandika kifaa ambacho hakifungi, kwa sababu naye atakalia mtumbwi huohuo.

Nyie wa magari kwa nini hampandi na fundi?

#20 DadaKirumba

Hili la kupanda na fundi ndilo nitakalofanya kuanzia sasa.

#21 Fundi_Mecco

Mwaloni mna utaratibu mzuri. Kwangu pia naendesha na mteja kabla na baada, maana kelele anayoijua ni yeye, mimi naweza kusikia nyingine kabisa.

Lakini la mteja kununua spea mwenyewe, hapo nina neno. Mteja anakwenda dukani peke yake, anauziwa linki ya elfu 12, ananiletea nifunge. Siku ya kumi inagonga, anarudi kwangu na hasira na anataka nifungue bure. Ukileta spea yako, ujue na dhamana ni yako. Nikileta mimi, ikifa ndani ya mwezi mmoja nafungua na kufunga bila kukudai ufundi. Kwenye cha juu mnachokilalamikia, sehemu ni hiyo dhamana.

#22 Mzee_wa_Probox

Fundi mwenye dhamana ya namna hiyo nitamlipa cha juu chake kwa mikono miwili. Wangapi wanayo? Wengi ukirudi unaambiwa "bosi, hizi barabara zenu".

#23 Fundi_Mecco

Na barabara nazo zipo, mzee. Mwanza ni mawe. Gari linalopanda Bugando au Isamilo kila siku linakula linki na boshi mapema kuliko la mtu wa lami tupu. Siyo kila kinachokufa mapema ni feki.

#24 Spana_13

Turudi kwenye gari la mwenzetu, maana bado linagonga. Mimi nafanya umeme wa magari zaidi, lakini miguu naijua kiasi. Kabla hujanunua kitu kingine chochote, jaribu haya, hayana gharama kubwa.

Linki: mwambie fundi azitoe zote mbili kabisa, endesha taratibu mtaani mzunguko mmoja kwenye mashimo madogo. Usikimbie wala usikate kona kwa kasi, gari litakuwa linalala. Kugonga kukiisha, tatizo ni linki. Kukibaki, linki hazihusiki, zirudishe.

Maunti ya shokapu, ile mpira ya juu: fungua boneti, weka kiganja juu yake, mwenzio azungushe usukani gari likiwa limesimama. Ukisikia inaruka au inagonga kwenye kiganja, umeipata. Mara nyingi fundi anafunga shokapu mpya anarudisha maunti ya zamani iliyochoka.

Ekseli nayo ina sauti yake: inalia tak-tak-tak ukikata kona usukani umeisha. Siyo kwenye tuta.

Na Dada Kirumba, kwa faida ya wengine wenye taa ya injini: mashine ya kupimia ikitoa P0302 maana yake silinda ya pili haiwaki vizuri. Usinunue koili. Hamisha koili ya silinda ya pili iweke ya tatu, ya tatu iweke ya pili, futa hiyo namba ya hitilafu kwa mashine, endesha. Ikirudi P0303, koili ndiyo mbovu, imehama na ugonjwa wake. Ikibaki P0302, koili ni nzima, angalia plagi, nozeli, mgandamizo. Dakika kumi na spana moja. Fundi anayekuambia ubadili koili zote bila kufanya hivyo anabahatisha na fedha yako.

#25 DadaKirumba

Wabeja sana. Kumbe ule upimaji wa kaka yangu ndivyo walivyofanya, walihamisha. Na mimi walikataa kunihamishia.

#26 Mwana_wa_Igombe

Wakuu, mrejesho.

Nilifungua boneti. Mkanda wa nje ni mpya kweli. Nikarudi Nyakato na wajomba zangu wawili, kwa amani, tukakaa kwenye benchi. Niliuliza jambo mojamoja kama wakili alivyosema, niliagiza nini na sikuagiza nini.

Mkanda: akakubali siyo wa taimingi, akasema aliyeandika ni kijana wake. Dukani mkanda huo nimeukuta 30,000. Akarudisha 50,000. Oili: akasema ya zamani ilikuwa nyeusi akaona aniokoe. Lita ya tano hakuwa na jibu, akarudisha 15,000. Shokapu: akasema alichukua kwa mkopo 275,000. Sikuwa na namna ya kubisha, na Spea_za_Pamba nawe ulishasema inawezekana. Tukaachana hapo.

Nikaomba spea za zamani. Shokapu ya kushoto ilikuwa imemwaga oili kweli, ya kulia kavu kabisa. Bolijointi moja imelegea, nyingine ngumu kama mpya. Linki alizokwisha kutoa "zilichukuliwa na mtu wa vyuma chakavu".

Halafu tukatoa linki mpya pale pale, tukazunguka. Bado linagonga.

#27 Ngosha_Kisesa

65,000 imerudi bila polisi. Wajomba wana kazi yao.

Ila mimi naona bado huyo fundi amekushinda kwenye shokapu.

#28 Spea_za_Pamba

275,000 ya mkopo ni bei ya kawaida kabisa. Kwangu ingekuwa 260,000 hadi 280,000. Shokapu ya kulia kuwa kavu haimaanishi ilikuwa nzima, na huwa zinabadilishwa jozi ili gari lisiende upande mmoja.

#29 Mzee_wa_Probox

Zinabadilishwa jozi, sawa. Na bolijointi ngumu kama mpya nayo ilibadilishwa kwa sababu gani?

#30 Spana_13

Maunti ulizipima na kiganja?

#31 Mwana_wa_Igombe

Nimepima jioni hii. Kushoto kuna kitu kinaruka kidogo, sina hakika.

#32 Fundi_Mecco

Usinunue maunti kwa "sina hakika". Kwenye IST inayopita mawe mimi hushuku kwanza boshi (raba) za kontrol amu, ule mkono wa chini unaoshika mguu wa tairi, hasa boshi ya nyuma. Inahitaji mtu aingie chini na mtaimbo asukume amu mbele na nyuma aone inavyocheza. Shokapu mpya ngumu hufanya boshi mbovu ilie zaidi.

#33 Mzee_wa_Probox

Au raki ya usukani. Probox yangu iligonga hivyohivyo miezi minne, tukabadili kila kitu, ikaja kuwa raki.

#34 Kamanga_Mpaka_Busisi

Sasa tuna maunti, boshi na raki. Mleta uzi, hapa jukwaani tumeanza kubahatisha kama yule wa Nyakato. Lipeleke kwa mtu alale chini yake.

#35 Mwana_wa_Igombe

Fundi_Mecco, nimekutumia ujumbe. Jumamosi saa tatu asubuhi niko hapo. Nitalipa ufundi wa kupima peke yake, uniambie bei yake wazi, hata kama hutafunga kitu.

#36 Fundi_Mecco

Kupima na kuendesha na wewe ni elfu 20. Tukikuta kifaa, tunakwenda dukani pamoja, risiti inatoka kwa jina lako, ufundi nakuandikia pembeni. Njoo na zile shokapu za zamani pia kama bado unazo.

#37 Mgeni_Buhongwa

Samahani kuingilia. Nina Noah ile ya zamani, SR40, injini ya 3S. Fundi ameniambia mkanda wa taimingi umefika muda nitoe 180,000. Baada ya kusoma hapa juu nimemkatalia, nimemwambia ni cheni. Nilikuwa sahihi?

#38 Spana_13

Hapana mkuu, rudi umwombe radhi. Yako ni mkanda kweli. 3S-FE inatumia mkanda, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Zenye cheni ni Noah zilizofuata, AZR60. Muulize tu kama kwenye hiyo 180,000 kuna tenshina (kikaza mkanda) na pampu ya maji, maana kuifungua mara mbili ni kulipa ufundi mara mbili.

#39 Mgeni_Buhongwa

Asante. Nampigia sasa hivi.